Grisi ya Elfu Tatu

Mimi ndiye niliyewafukuza mbuzi asubuhi ile.
Kiwanja chetu hapa Urambo ni udongo mwekundu,
mawe yaliyopakwa chokaa pembeni,
na nguzo moja, na juu ya nguzo mfuko wa upepo
ambao zamani ulikuwa na rangi ya chungwa.

Septemba. Pori limechomwa, moshi umelala,
mabani ya tumbaku yamebaki matupu.
Saa nne na robo nikasikia mlio kutoka upande wa Kaliua,
mwembamba, kama cherehani ya Kalunde
ikikutana na pindo la jinzi.

Ndege ya viti vinne, ya gurudumu la mkiani.
Theodosia peke yake mbele,
na nyuma, limefungwa mkanda kama mtoto,
boksi la miwani ya kusomea
kwa watu wa Ussoke.

Akazunguka mara moja. Najua alitazama nini.
Aliitazama nguzo yangu,
na nguzo yangu ikamwambia:
upepo wa mashariki, mpole, karibu.

Ilikuwa ikisema hivyo tangu Julai.

Upepo wa kweli ulikuwa kwenye sikio langu la kushoto,
wa kusini, wenye mchanga, wenye haraka zake.
Nikapunga mikono yote miwili.
Akanipungia.

Magurudumu yakagusa. Vumbi likanyooka,
mistari miwili, safi, kama mtu anayetandika jamvi,
nikasema moyoni, labda,
labda.
Kisha mkia ukataka kutangulia kichwa.
Nikamwona akipigana na pedali, mabega yakipanda na kushuka,
bawa la kulia likainama kunusa ardhi,
ndege ikajizungusha mara moja na nusu
kama mbwa anayekanyaga majani kabla ya kulala,
ikalala.

Propela ilikuwa imejikunja, jani la tumbaku siku ya tatu.

Alitoka mwenyewe, kiatu kimoja mguuni.
Akakaa kwenye jiwe, suruali ikashika chokaa.
Aliomba maji, nikampa, akanawa mikono
na kuyasahau yaliyobaki.
Akaniuliza, wala si kwa hasira:
“Luhende, upepo umetoka wapi?”

Nikanyoosha kidole kusini.
Tukainua macho pamoja.
Mfuko ulikuwa bado unaelekeza kwake,
umekakamaa kama shahidi aliyefundishwa la kusema.

Kutu. Kutu ndani ya beringi.
Niliandika barua Julai, nikaandika Agosti,
wakajibu suala langu linashughulikiwa.
Kopo la grisi dukani kwa Mayunga, fundi baiskeli,
ni elfu tatu.
Elfu tatu nilikuwa nayo.
Niseme tena, maana hapa hakuna anayeniandikisha:
nilikuwa nayo, siku nyingi, mfukoni, nikisubiri serikali.

Usiku ule, yeye akiwa kitandani hospitali
akishonwa nyusi,
nilipanda nguzo na tochi mdomoni.
Nilipaka hadi viwikoni.
Beringi ikalia mara moja, ikanyamaza.

Wachunguzi walifika Alhamisi na futi kamba zao.
Wakapima michirizi ya matairi, wakapiga picha mbuzi,
wakatazama juu: mfuko unageuka, laini, mtiifu.
Wakaandika, Kielekeza upepo: kizima.
Wakaandika, Rubani alishindwa kuimudu ndege wakati wa kutua.
Wakanipa kalamu.
Sahihi yangu ina mkia mrefu. Siku ile haukuwa nao.

Miwani thelathini na minane ilipona.
Kalunde alipewa mmoja, anatunga uzi sindanoni
bila kuniita.

Desemba ujumbe ukaingia kwenye simu:
Habari za huko. Wamenizuia kuruka. Nataka kujua tu,
ule mfuko, ulikuwa unazunguka?

Nimeandika ndiyo. Nimefuta.
Nimeandika mvua zimeanza, nyasi zimefika magotini. Nimefuta.
Betri imebaki asilimia nne.
Nje kunavuma kusini,
na kule juu kitu kinageuka bila sauti yoyote,
mimi niliyezoea kusikia kikikataa.